Kweli au Si Kweli: Mtoto Mwenye Ulemavu na Shule za Gakindu

Ukisomea ualimu, ukirudi nyumbani Gakindu likizoni watu hukuuliza mambo ya shule kana kwamba tume ya walimu, TSC, imeshakuajiri. Wanakuuliza kwenye foleni ya kupima kahawa, stejini kwa watu wa boda boda, hata baada ya ibada. Swali likihusu mtoto mwenye ulemavu, anayeuliza huwa tayari ana jibu lake. Haya ndiyo majibu ninayoyasikia sana hapa Mukurwe-ini, pamoja na hukumu yangu.

"Asiyesikia apelekwe Tumutumu, asiyeona apelekwe Thika."

Nusu kweli. Shule hizo zina heshima yake. Ile ya vipofu ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na ile ya viziwi ya Tumutumu, karibu na Karatina, iko chini ya kanisa la PCEA. Kwa mtoto kiziwi hasa, sithubutu kuzibeza. Lugha Ishara hujifunzwa miongoni mwa watu wanaoitumia. Kiziwi aliye peke yake katika darasa la wanaosikia, kwa mwalimu asiyejua ishara hata moja, anaweza kumaliza miaka akinakili ubao bila kupata lugha yoyote. Kumwita huyo mwanafunzi wa elimu jumuishi ni mzaha.

Kosa ni kuigeuza dawa ya mmoja kuwa ya wote. Mwenye uoni hafifu anayeweza kusoma maandishi makubwa akikaa dawati la mbele, Thika anafuata nini? Na anayetumia kiti cha magurudumu hashindwi na Hisabati. Anashindwa na matope mekundu ya Aprili, mteremko wa kwenda langoni na choo ambacho mlango wake haupitishi kiti. Migongo ya vilima vyetu ndiyo inayomfungia nje, na kusawazisha njia ya lango ni kazi ambayo wazazi wenye majembe wanaweza kuianza Jumamosi. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizounganishwa na jamii, kwa kadiri inavyolingana na maslahi yake. Sera ya Wizara ya Elimu ya 2018 nayo ilitanguliza elimu jumuishi bila kuzifunga shule maalum. Kwa hiyo linaloulizwa ni maslahi ya mtoto huyu aliye mbele yako, na jibu la jirani yake halimtoshi.

"CBC ni ya watoto wepesi. Mzito hana pake."

Si kweli, angalau kwenye karatasi. Mtaala wa Umilisi, yaani CBC, ulioanza kutumika kote nchini Januari 2019, una njia mbili. Wengi hupanda gredi kwa gredi. Asiyeweza kufuata mtaala wa kawaida hupitia ngazi zake, kutoka za msingi hadi za ufundi, na hupanda kwa kile alichokimudu badala ya umri. Humo kuvaa nguo bila kusaidiwa na kununua kitu dukani ni masomo kamili.

Mazoea ndiyo magumu kubadilika. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa mara ya mwisho 2023, lakini hesabu ya wastani wa shule bado imo vichwani mwetu, wazazi na walimu. Maadamu shule inasifiwa kwa wastani, mtoto anayejifunza polepole ataonekana mzigo, hata mtaala useme nini.

"Atawachelewesha wenzake."

Si kweli. Mwalimu akisoma kwa sauti anachokiandika ubaoni, anamsaidia asiyeona vizuri, na pia yule wa nyuma aliyekuwa akichungulia dirishani. Anayechelewesha darasa ni mwalimu aliyeingia bila maandalizi, na huyo alikuwapo kabla ya elimu jumuishi.

"Huyu ni mvivu tu."

Hapa ndipo ninapokasirika. Yuko mtoto anayeongea Kikuyu na Kiswahili vizuri na kurudisha chenji sokoni bila kukosea, lakini mbele ya kitabu anasoma "dada" palipoandikwa "baba". Mwingine hajibu anapoitwa, kumbe sikio lina usaha. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini kumsimamisha mtoto achekwe na darasa hakuhitaji kiboko. Apimwe macho na masikio kwanza. Uvivu uzungumzwe baadaye, kama bado utakuwepo.

"Hiyo ni kazi ya walimu wa special."

Ilikaribia kuwa kweli zamani, taasisi ya KISE ilipoanza mwaka 1986 kuwafunza walimu wa elimu maalum. Siku hizi kila anayesomea diploma ya ualimu wa msingi hufundishwa elimu jumuishi. Ila tusidanganyane: somo hilo linanipa macho ya kumtambua mtoto anayehitaji msaada, halinifanyi mjuzi wa breli. Bado nitamhitaji mtaalamu, na mzazi asikubali shule imwambie kwamba mimi natosha.

"Masomo ni ya bure."

Ada iliondolewa mwaka 2003. Sasa ijumlishe ile shilingi 1,420 ya mgao wa serikali kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, kisha uniambie itanunua mashine ya breli mwaka gani.

"Ukimpeleka kupimwa atapachikwa jina la ujinga maisha yake yote."

Si kweli, na uvumi huu umewaficha watoto wengi nyumbani. Vituo vya tathmini ya elimu, ambavyo watu huviita EARC, vilianza 1984 kwa msaada wa Denmark. Hueleza mtoto anaweza nini, anakwamia wapi na asaidiwe vipi. Ripoti hiyo ina kazi nyingine ambayo wazazi wengi huijua wakiwa wamechelewa: Baraza la Mitihani huitegemea kumpa mtahiniwa karatasi ya breli, maandishi makubwa au muda wa ziada, na mahitaji hayo huorodheshwa wakati wa kusajili watahiniwa, miezi mingi kabla ya mtihani. Mwenye mtoto wa Gredi ya 5 amwone mwalimu mkuu muhula huu, aulize kituo kilicho karibu kiko wapi.