Draivu ya CD isiyoonekana: pima kabla ya kununua kompyuta nyingine

Katika maduka ya jumla na ofisi nyingi ndogo, kompyuta ya mezani ya zamani imebakiwa na kazi moja kubwa: ndiyo pekee inayoweza kufungua hesabu za miaka iliyopita. Programu ya hesabu iliyonunuliwa enzi za Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, mara nyingi hugoma kuingia katika mashine mpya, na nakala za hesabu za kila kufunga mwaka ziko kwenye CD ndani ya kabati.

Kasheshe huanza draivu ya CD inapochoka. Mwenye duka hununua nyingine, huifunga, huwasha mashine, na draivu haionekani. Fundi wa kwanza humwambia bodi imekufa, anunue kompyuta nyingine. Huo ni ushauri wa gharama maradufu, kwa kuwa fedha hutoka na huenda kompyuta itakayokuja isizifungue hesabu hizo.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi kutunza kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka 5. Mfanyabiashara asiyeweza kuzitoa anapotakiwa hujiweka katika nafasi mbaya ya kukadiriwa kodi bila kuwa na kitu cha kujitetea. CD isiyosomeka, kwa hiyo, si suala la fundi peke yake. Ni suala la mtaji.

Hata hivyo, draivu isiyoonekana si lazima iwe mbovu. Jambo la kwanza ni kujua haionekani wapi. Kompyuta inapowashwa, kabla Windows haijaanza, hupitia programu ndogo iliyomo ndani ya bodi, iitwayo BIOS. Hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe mara tu mashine inapowaka, aghalabu Delete au F2, nayo huorodhesha vifaa vilivyofungwa. Ikiwa draivu haimo katika orodha hiyo, kosa kwa kawaida liko kwenye umeme, waya au mpangilio wa BIOS yenyewe. Ikiwa imo lakini Windows haiioni, kosa liko ndani ya Windows, na hakuna kifaa cha kununua.

Isipoonekana kwenye BIOS

Kipimo cha kwanza ni kitufe cha draivu. Kikibonyezwa na sinia ikatoka, umeme unafika. Isipotoka, kompyuta izimwe, ichomolewe kwenye umeme, kisha plagi ya umeme ya draivu ikazwe au ibadilishwe na nyingine itokayo kwenye pawa saplai hiyo hiyo.

Kinachofuata ni waya wa data. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2003 hutumia IDE, yaani waya mpana bapa wenye tundu 40. Waya mmoja hubeba vifaa viwili, na lazima kimoja kipangwe kuwa cha kwanza, master, na kingine cha pili, slave. Mpangilio huo hufanywa kwa jampa, kipande kidogo cha plastiki chenye chuma ndani kinachochomekwa nyuma ya draivu. Vyote viwili vikipangwa kuwa master, kimoja hupotea, na pengine hata diski yenye hesabu isionekane. Mwenye mali asishtuke kwa hilo, kwani jampa ikirekebishwa, diski kwa kawaida hurudi.

Mashine zilizofuata zilikuja na SATA, waya mwembamba unaobeba kifaa kimoja tu na usiohitaji jampa. Hapo cha kukagua ni kama tundu la bodi lililotumika limefunguliwa kwenye BIOS, kwani katika mashine nyingine tundu zisizotumika hufungwa. Kwa kuwa plagi za IDE na SATA haziingiliani, mnunuzi afungue kasha na kuangalia bodi yake kabla ya kwenda dukani.

Aidha, ikiwa saa ya kompyuta hurudi nyuma kila inapozimwa, betri ndogo ya bodi imekwisha na mpangilio wa BIOS haukai. Mashine nyingi hutumia betri bapa ya volti 3 aina ya CR2032, ambayo ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu kabisa katika kompyuta.

Isipoonekana kwenye Windows

Ikiwa BIOS inaiona, fundi afungue Device Manager. Alama ya njano juu ya draivu, pamoja na kosa namba 19 au 39, mara nyingi huwa ni mabaki ya programu ya kuchomea CD iliyoondolewa vibaya. Mabaki hayo hukaa kwenye rejista ya Windows kwa majina ya UpperFilters na LowerFilters. Yakiondolewa katika sehemu ya draivu za CD na mashine ikawashwa upya, draivu hurudi. Fundi achukue kwanza nakala ya rejista, kwa sababu kufuta mahali pasipohusika kunaweza kuizuia mashine isiwake.

Wakati mwingine draivu haina kosa, ila herufi yake imechukuliwa na flashi au diski ya mtandao wa ofisi. Kubadilisha herufi hakugharimu chochote.

Pale njia zote zinaposhindikana, draivu ya nje ya USB bado ni nafuu kuliko kompyuta nzima. Zile nyembamba hunyonya umeme mwingi, hivyo zenye plagi mbili za USB zichomekwe zote mbili.

Mwenye duka, basi, asilipe kwa neno la fundi tu. Amtake amwonyeshe orodha ya BIOS kabla ya kukubali kuwa bodi imekufa.

Siku draivu itakapoonekana, kazi bado haijaisha. CD za kuchoma hufifia kadiri miaka inavyopita, na Windows XP haipati tena kinga za kawaida za usalama tangu Aprili 2014, hivyo mashine hiyo isiunganishwe na intaneti. Hesabu zote zihamishiwe siku hiyo hiyo kwenye diski mbili tofauti, moja ikae dukani na nyingine nyumbani.