Daftari la Michango: Cheo na Heshima Miongoni mwa Wanawikipedia

Wikipedia ya Kiingereza ina orodha ya watu 10,000 iliyopangwa kwa kigezo kimoja: nani amehifadhi mabadiliko mara nyingi zaidi. Aliyesahihisha mkato mmoja anahesabiwa moja. Aliyeandika historia nzima ya mji, akaihifadhi kwa mkupuo, naye anahesabiwa moja. Asiyependa kutajwa huruhusiwa kuliondoa jina lake, lakini nafasi yake haichukuliwi na mtu. Mahali pa jina huwekwa alama ya kushikia nafasi, na walio chini yake hubaki palepale. Hakuna anayelipwa kwa kuwa wa kwanza. Hata hivyo, tangu kamusi elezo hiyo ianzishwe tarehe 15 Januari 2001, wanaojitolea kuiandika wamejenga karibu na hesabu hiyo mila kamili ya vyeo, tunzo, haki na hata miiko.

Mtu wa kwanza kufikisha mabadiliko milioni moja alikuwa Justin Knapp wa Indianapolis, Marekani, tarehe 19 Aprili 2012. Kesho yake mwasisi Jimmy Wales akaitangaza kuwa siku ya Justin Knapp. Knapp hakuwa profesa wala mfanyakazi wa Wikipedia. Alikuwa mtu wa vibarua mbalimbali, kikiwamo cha kupeleka piza majumbani, na miongoni mwa kazi alizozipenda ni kukusanya orodha ya maandishi yote ya George Orwell. Baadaye alipitwa na Steven Pruitt wa Virginia, anayejulikana kwa lakabu ya Ser Amantio di Nicolao, jina la karani wa sheria katika opera moja ya Puccini. Makala ya kwanza ya Pruitt ilimhusu Peter Francisco, askari wa vita vya uhuru wa Marekani ambaye ni babu wa ukoo wake. Kufikia mwaka 2019 alikuwa amevuka mabadiliko milioni 3 na kuanzisha makala zaidi ya 30,000.

Kwa wenyewe, lakabu ni jina la heshima hasa. Watu hufahamiana kwayo miaka mingi bila kuonana uso kwa uso, na kila lakabu huburuta nyuma yake daftari liitwalo michango ya mtumiaji, ambalo mtu yeyote duniani anaweza kulifungua na kuona mwenye jina alifanya nini, lini, saa ngapi. Mgeni akiingia kwenye mabishano katika ukurasa wa majadiliano, jambo la kwanza ambalo wenyeji hufanya ni kulipekua daftari hilo. Amekaa muda gani? Ameandika nini? Amewahi kufungiwa?

Daftari hilo hufungua milango halisi. Katika Wikipedia ya Kiingereza, ukurasa wenye ulinzi mdogo hufunguka kwa aliyejiandikisha siku 4 zilizopita na kufanya mabadiliko 10. Kurasa zenye ugomvi mkali, kama zile za Israeli na Palestina, hudai siku 30 na mabadiliko 500. Maktaba ya Wikipedia, inayowafungulia wachangiaji bure majarida ya kitaaluma ambayo mtu binafsi hawezi kuyanunua, hutaka mabadiliko 500 na miezi 6 ya uanachama. Hata kura ya bodi ya Wikimedia Foundation, taasisi inayoiendesha Wikipedia, ina kizingiti: mabadiliko 300 kwa jumla, na 20 kati yake yawe ya miezi ya karibuni. Sababu inaeleweka. Mtu mmoja anaweza kujisajili kwa lakabu ishirini usiku mmoja na kujipigia kura. Hawezi kuzifanyia zote kazi ya miezi.

Lakini je, anayeongoza kwa hesabu ndiye aliyeandika kamusi? Mwaka 2006 Wales alikuwa akieleza katika hotuba zake kwamba asilimia 2 ya watumiaji, watu kama 1,400, walifanya asilimia 73.4 ya mabadiliko yote. Aaron Swartz, kijana Mmarekani aliyekuwa akigombea nafasi katika bodi mwaka huohuo, hakuridhika. Alichukua makala kadhaa, ikiwamo ya mwigizaji Alan Alda, akahesabu herufi: haya maneno yaliyobaki kwenye makala yaliandikwa na nani? Picha ikapinduka. Sehemu kubwa ya maandishi ilitoka kwa wapita njia, watu wa mabadiliko machache, wengine wasiojiandikisha kabisa, waliojua jambo moja vizuri, wakaliandika na kwenda zao. Vigogo wa orodha walikuwa wakipanga makala katika jamii zake, yaani makundi ya mada, wakinyoosha mtindo na kurekebisha viungo.

Kuna wanaosoma matokeo hayo kama kejeli kwa vigogo. Si haki. Makala isiyo na jamii wala viungo ni vigumu kuifikia, na mtu wa usafi naye ni mtu wa kazi. Mfano mzuri ni Bryan Henderson, mhandisi wa programu wa California. Tangu mwaka 2007 amekuwa akiwinda kosa moja tu la matumizi ya Kiingereza, msemo mmoja anaouona si sahihi. Kufikia 2015 alikuwa ameuondoa katika maandishi ya wenzake mara zipatazo 47,000, na kila sentensi aliisoma mwenyewe kwa sababu roboti ingeharibu maana. Wapo wanaompinga wakisema msemo huo hauna kosa lolote. Hata wao hawawezi kumwita mvivu.

Jumuiya yenyewe inajua hatari ya kulewa hesabu. Ukurasa wa orodha umewekewa maonyo kwamba idadi si kipimo cha ubora, na uraibu wa kutazama namba yako kila saa umepewa jina la ugonjwa. Vyeo vya utumishi ambavyo mchangiaji hujivika kwenye ukurasa wake navyo hudai vitu viwili kwa pamoja, idadi na miaka, ili mwenye pupa asipande ngazi kwa wiki moja.

Zaidi ya hayo iko mila ya nyota, iliyoingia mwaka 2003 kwa kuiga nyota za mapambo ambazo wakulima wa Marekani hutundika kwenye maghala yao. Nyota haitolewi na kamati. Mchangiaji akivutiwa na kazi ya mwenzake huenda kwenye ukurasa wake wa majadiliano, huibandika picha ya nyota na kuandika kwa maneno yake ni kwa lipi anashukuru. Mwaka 2012 watafiti Michael Restivo na Arnout van de Rijt walichapisha jaribio lao: waliwateua kwa bahati nasibu baadhi ya wachangiaji wa asilimia 1 ya juu, wakawapa nyota. Katika siku 90 zilizofuata, waliopewa walifanya kazi kwa asilimia 60 zaidi ya wenzao walionyimwa. Na hawa ni watu ambao tayari walikuwa na namba kubwa. Kumbe walikuwa bado na kiu ya mtu mmoja wa kuwaambia ahsante.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ilionja mapema nguvu ya mashindano. Mwishoni mwa 2009 Google iliwaalika wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania kushindania zawadi, kompyuta mpakato ikiwa mojawapo, kwa kuandika makala. Mamia ya makala yalipatikana kwa muda mfupi. Lakini zawadi huisha siku ya kutolewa, ilhali makala huhitaji mtu wa kuirudia mwaka hadi mwaka, na kazi hiyo huwaangukia wakabidhi, yaani wasimamizi wa kamusi, na wachangiaji wachache wa kudumu.

Na hapa ndipo hesabu ya mabadiliko inapomwonea mchangiaji wetu. Mwenye intaneti isiyokatika huhifadhi kila aya, kila nukta, akajipatia arobaini kwa makala moja. Mwenye kununua bando la saa moja Morogoro au Kisumu huiandika makala yake yote kwenye simu bila mtandao, akaunganisha, akaibandika mara moja na kuzima. Daftari litamwandikia moja. Majedwali yanayotumika siku hizi katika warsha nyingi za Wikimedia yameanza kumtendea haki, kwa kuwa huhesabu pia maneno yaliyoongezwa, marejeo yaliyowekwa na mara ambazo wasomaji wameifungua makala. Kizingiti cha kura bado kinamtaka afikishe 300.