Serikali Inapochelewa Kukagua Hewa, Mwananchi Afanyeje?

Waswahili wana methali mbili ambazo kwa juu juu zinapingana. Moja husema, "Kawia ufike." Nyingine husema, "Ngojangoja huumiza matumbo." Kwa mvuvi wa Mbamba Bay anayeona Ziwa Nyasa limechafuka, methali ya kwanza ndiyo yenye busara: na akae pwani mpaka upepo utulie. Lakini kwa hewa tuivutayo usiku na mchana, methali ya pili ndiyo yenye ukweli. Mapafu ya mtoto hayawezi kuambiwa yasubiri kikao kijacho.

Makala haya yanazungumzia jambo linaloonekana kuwa la mawakili, lakini kwa hakika ni la kila nyumba. Sheria inapomwagiza mkubwa wa serikali akague mpango wa hewa kabla ya tarehe fulani, na tarehe hiyo ikapita kimya, mwananchi ana njia gani? Na akishafika mahakamani, je, ni vema apigane hadi hukumu, au akubali mapatano?

MAKAA YA NGAKA

Jambo hili halipo mbali na sisi. Katika Wilaya ya Mbinga, kijiji cha Ntunduwaro, yapo makaa ya mawe ya Ngaka. Uchimbaji ulianza mwaka 2011 chini ya kampuni ya ubia kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa, yaani NDC, na wawekezaji kutoka Australia. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku kuagiza makaa ya mawe kutoka nje, na viwanda vya saruji vikageukia makaa ya nchini. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipotikisa soko la nishati duniani, wanunuzi wa mbali nao wakayatafuta makaa ya Ruvuma, yakapelekwa hadi bandari ya Mtwara. Kando ya Ziwa Nyasa nako, bandari ya Ndumbi ilijengwa huku shehena ya makaa ikitazamiwa.

Neema imekuja pamoja na malori. Dereva amepata kazi, utingo amepata posho, mama lishe wa Kitai amepata wateja, na halmashauri imepata ushuru. Mtu mwenye akili hawezi kusimama leo na kusema mambo hayo yote yafutwe. Lakini malori hayohayo hutimua vumbi, na lori lisilofunikwa turubai huacha unga mweusi nyuma yake. Unga huo hutua juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya kahawa iliyotandazwa, na ndani ya vifua vya watoto waendao shule kwa miguu.

Wakazi wa ufuko wa Nyasa wanajua kwamba si kila kinachofanana na moshi ni moshi. Zipo siku ambapo wingu jeusi huinuka katikati ya ziwa likapanda juu kama nguzo, mgeni akadhani meli inaungua. Kumbe ni kungu, wadudu wadogo sana wanaoruka kwa mamilioni. Wingu hilo latisha macho, lakini ni la wadudu tu. Kinachodhuru zaidi hakionekani kabisa. Wataalamu wa afya huogopa hasa chembechembe za vumbi na moshi zisizozidi mikromita 2.5, ambazo unene wake ni kama sehemu moja ya 30 ya unywele. Chembe hizo hupita puani zisizuiwe, huzama hadi ndani ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Shirika hilo hukadiria kwamba hewa chafu ya nje pamoja na moshi wa majumbani huua watu wapatao milioni 7 duniani kila mwaka.

Kwa sababu hiyo hewa haiwezi kulindwa kwa macho matupu. Yahitaji viwango, vipimo na mpango. Tanzania ilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa zikafuata mwaka 2007. Sheria hiyo imetamka kwamba kila mtu aishiye Tanzania ana haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye afya, na imeziagiza serikali za mitaa kutayarisha mipango ya mazingira. Kazi iliyobaki ni kuifanya karatasi iwe kazi.

MPANGO UNAPOLALA KABATINI

Marekani wamekwisha kupita katika njia hii kwa miaka mingi, na yafaa tuitazame njia yao. Sheria yao ya Hewa Safi ya mwaka 1970, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1990, imegawa kazi kati ya serikali kuu na majimbo. Serikali kuu, kupitia shirika lake la mazingira liitwalo EPA, huweka kiwango. Kila jimbo huandika mpango wa kukifikia kiwango hicho: viwanda gani vipunguze moshi, magari yapimweje, nani asimamie. Kisha mpango hupelekwa EPA ukaguliwe.

Sheria haikuacha ukaguzi huo uwe wa hiari. Ndani ya miezi 6 shirika liwe limeamua kama mpango umekamilika, na ndani ya miezi 12 inayofuata liukubali au liukatae. Lakini mara nyingi muda huo umepita, mipango ikalala kabatini. Mpango usiokaguliwa ni kama mchezaji asiye na refa: jimbo halijui limefaulu au limeshindwa, mwenye kiwanda hajui ajiandae kwa lipi, na mkazi aliye jirani na bomba la moshi anaendelea kukohoa.

Sheria hiyohiyo imempa mwananchi ufunguo. Mtu au chama chaweza kumshitaki mkuu wa EPA kwa kutotimiza wajibu alioamriwa na sheria, mradi kwanza ampe notisi ya siku 60. Vyama kama Sierra Club na Center for Biological Diversity vimefungua mashauri mengi ya namna hiyo. Mengi hayafiki hukumu. Pande mbili hukaa na kukubaliana tarehe: mpango wa jimbo hili utatolewa uamuzi kabla ya siku fulani, na wa jimbo lile kabla ya siku nyingine. Mapatano hayo hutangazwa kwanza, na wananchi wote hupewa siku zisizopungua 30 watoe maoni. Ndipo mahakama huyapokea, na tangu hapo huwa na nguvu ya amri.

Angalia vizuri, ndugu msomaji, kile kilichopatikana. Mapatano hayo hayamlazimishi mkaguzi kusema ndiyo, wala hayamlazimishi kusema hapana. Yanamlazimisha kusema. Mlalamikaji hakushinda hewa safi, ameshinda tarehe. Wako wanaoona ni ushindi mdogo. Lakini aliyewahi kusubiri jibu la ofisi kwa miaka mitatu anajua thamani ya tarehe.

Mapatano hayo yana wapinzani pia. Wao husema kwamba chama na serikali huweza kupanga mambo chemba, kisha wakaita ni shauri. Mwaka 2017 mkuu wa EPA wa wakati huo, Scott Pruitt, alitoa agizo la kubana mapatano ya aina hiyo. Mwaka 2022 mkuu wa EPA wa wakati huo, Michael Regan, akalifuta. Ubishi huo una funzo: mapatano juu ya hewa ya wote hayafai kufanywa gizani.

Na wala si Marekani peke yake. Afrika Kusini, eneo la Highveld lenye migodi na mitambo mingi ya makaa ya mawe lilitangazwa mwaka 2007 kuwa eneo la kushughulikiwa kwanza kwa sababu ya hewa yake mbaya. Mpango ukaandikwa, lakini kanuni za kuutekeleza hazikutungwa. Mwezi Machi 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria ilisema kwamba hewa ile inavunja haki ya wakazi ya kuishi katika mazingira yasiyodhuru afya, na kwamba waziri alichelewa kupita kiasi. Ikampa miezi 12 azitunge.

MOSHI WA TABATA

Hapa nchini tunalo shauri letu, na ni la zamani kuliko hilo la Pretoria. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya jaa la taka lililokuwa katikati ya makazi yao. Taka zilioza na kuchomwa. Moshi, uvundo na nzi vikaingia majumbani. Mwezi Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliamuru jaa hilo lisitumike tena na Jiji litafute mahali pengine pasipodhuru watu.

Watu wakashangilia. Lakini Jiji lilirudi mahakamani kuomba muda. Ulipokwisha, likaomba tena. Jaa likaendelea kufuka. Hatimaye Jaji Lugakingira alikataa kuongeza muda. Alisema hajapata kusikia mahali popote mamlaka ya umma ikienda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akakumbusha kwamba Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi. Kwa maneno hayo, moshi wa jaa uliacha kuwa kero ya mtaa. Ukawa jambo la uhai.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1991 Jiji lilihamishia taka Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Taka zikahamia Vingunguti. Hivyo moshi ulihama mtaa hadi mtaa, na kila mtaa ukalazimika kuanza upya. Kisheria wakazi walishinda. Lakini kilichokosekana kilikuwa mpango wenye tarehe na wenye kumtaja mtendaji, uliokubaliwa na wote watakaouvuta moshi huo.

MAPATANO YAPI NI MEMA?

Wamatengo wa Mbinga wanalima ngolo, mashimo yaliyopangwa kwenye miteremko mikali ili kushika maji na udongo. Mkulima wa ngolo hahitaji kufundishwa hasara ya kuchelewa. Jirani wa juu asipochimba mashimo yake kabla ya mvua, maji huteremka na kubomoa ya jirani wa chini. Aliyechelewa ni mmoja, lakini aliyepoteza shamba ni mwingine. Ndivyo ilivyo ofisi inapochelewa: afisa halipi gharama ya kuchelewa kwake, hulipa mkazi wa kando ya barabara.

Kwa hiyo wananchi wa njia ya makaa, kama siku moja watajikuta mezani na halmashauri au kampuni, wapime mapatano kwa mambo manne. Kwanza, yawe na tarehe. Neno "hivi karibuni" si tarehe. Pili, yataje kazi inayopimika: malori yote yafunikwe turubai, barabara inyweshwe maji mara kadhaa kwa siku wakati wa kiangazi, hewa ipimwe na matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji. Tatu, yamtaje mwenye wajibu kwa cheo chake, na yaseme itakuwaje asipotimiza. Nne, yasomwe mbele ya mkutano wa hadhara kabla hayajatiwa saini, ili vumbi lisiondolewe kijiji kimoja likapelekwa kingine. Yakisajiliwa mahakamani, yatakuwa na nguvu ya amri. Yakibaki maneno ya mdomoni, yatapeperushwa na upepo uleule upeperushao vumbi.

NGAZI ZA KUPANDA

Kabla ya mahakama zipo ngazi. Sheria ya mwaka 2004 inatambua kamati za mazingira tangu kijiji, na afisa mazingira katika halmashauri. Anza huko, kwa barua. Iandikwe tarehe, ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ibaki nyumbani. Familia iweke daftari: siku ya vumbi jingi, mtoto aliyepelekwa zahanati, cheti alichopewa. Daftari hilo lina kazi kubwa, kwa kuwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aonyeshe jinsi yeye mwenyewe alivyoguswa. Vilevile, anayetaka kuidai Serikali, pamoja na halmashauri, hutakiwa kutoa notisi ya siku 90. Siku hizo zisipotee bure. Ndizo siku za kupatana.

Na tusisahau moshi wetu wenyewe. Mama anayepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha, akiwa na mtoto mgongoni, hahitaji lori la makaa ili akohoe. Dirisha moja, jiko banifu na kuni kavu vyapunguza moshi huo leo, bila notisi wala wakili.

Lakini moshi wa jikoni usiwe kisingizio cha kunyamazia wa barabarani. Mwenye nyumba atimize wake, na mwenye ofisi atimize wake, kila mmoja kwa tarehe yake. Ahadi ni deni, na deni lisilo na siku ya kulipwa ni rahisi kusahauliwa na anayedaiwa. Anayedai, ambaye kifua chake kinabana kila alfajiri, hawezi kulisahau.