Umeacha Kazi Ghafla, Jasho Lako Bado Lina Malipo

Mhudumu wa hoteli akiacha kazi katikati ya mwezi bila kuaga, kisha akarudi kudai chake, mara nyingi huambiwa: umeondoka mwenyewe, huna chako hapa. Jibu hilo halina msingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inamtaka mwajiri, ajira inapokoma, alipe ujira wa kazi iliyokwisha kufanyika pamoja na malipo ya likizo ambayo haikuchukuliwa. Kazi ikishafanyika, ujira wake ni deni, na deni halifutwi kwa hasira za mdaiwa.

Waajiri watasema nao wameumia, na kweli wameumia: meza zimekosa mtu, na mbadala hapatikani kwa siku moja. Ndiyo maana anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28, au siku 7 akiwa bado katika mwezi wa kwanza. Akikataa kufanya kazi kipindi hicho, mwajiri anaruhusiwa kukata kwenye malipo ya mwisho kiasi ambacho angelipwa. Lakini makato hayo yana kikomo. Tuchukue mhudumu wa shilingi 260,000 kwa mwezi, yaani kama 60,000 kwa wiki, anayedai miezi miwili na wiki mbili. Anadai 640,000. Notisi ya wiki nne ni 240,000. Hata mwajiri akikata yote, zinabaki 400,000, na bado hatujagusa likizo. Anayedai wiki mbili tu huenda asiambulie kitu, na hilo lisemwe wazi. Ila hata yeye anastahili kuonyeshwa hesabu, si mlango.

Tena wengi huondoka kwa sababu hawalipwi. Hapo aliyetangulia kuvunja mkataba ni mwajiri, na sheria inatambua kwamba anayeacha kazi kwa kuwa mwajiri ameifanya isivumilike anaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa. Dai la kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. La mshahara pekee, ndani ya siku 60, kwa hiyo ahadi za “njoo wiki ijayo” ni hatari. Kukosa mkataba wa maandishi kusimzuie mtu. Ujumbe wa malipo kwenye simu ni ushahidi, na mwajiri asipoleta maandishi ya masharti ya kazi, mzigo wa kuyathibitisha unamwangukia yeye.