Nguvu ya Pua Imo Katika Moto Uliopimwa

Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Leo twapenda kuwakumbusha askari na polisi wetu kuwa hata ekseli ya lori lao, lipandalo kutoka Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, haikuzaliwa na nguvu zake. Ilipewa.

Iko pua ambayo Wamarekani huitambua kwa nambari 4340. Katika kila sehemu 100 za uzito wake, nikeli ni 1.8 hivi, kromi 0.8, kaboni 0.4 na molibdeni 0.25, iliyobaki karibu yote ni chuma. Nikeli ni madini yale yale yaliyolala ardhini Musongati, kusini-mashariki mwa Burundi. Kwa pua hiyo na jamaa zake hutengenezwa ekseli za magari mazito, miguu ya ndege na mitutu ya bunduki nyingi.

Huchongwa kwanza ingali laini. Kisha huchomwa hadi nyuzi 830 hivi za sentigredi, ikawa nyekundu, na kuzamishwa katika mafuta. Hapo huwa ngumu mno, lakini huvunjika upesi mithili ya kioo. Kwa hiyo hurudishwa motoni mara ya pili, kwa moto wa chini zaidi. Ikirudishwa kwa nyuzi 540, kila milimita ya mraba huhimili mvuto wa niutoni 1,170 hivi. Chuma cha kawaida cha ujenzi hukatika kwenye 400 hivi. Nyuzi kati ya 230 na 370 huepukwa, maana huifanya pua ishindwe kustahimili kishindo.

Basi na ifahamike: mkono wa usukani uliopinda ukinyooshwa kwa moto wa gesi kando ya njia, hesabu yote hiyo hufutika. Mahali pamoja hulegea, mahali pengine hukakamaa na kuwa tayari kuvunjika. Kuulehemu bila kuupasha joto kwanza huweza kuacha nyufa zisizoonekana kwa macho. Rangi mpya ikipakwa, yote huonekana salama, hadi siku gari lililojaa askari linapoteremka kutoka Bugarama kuelekea ziwani.

Vivyo hivyo, bunduki iliyounguzwa ndani ya gari au nyumba isirudishwe ghalani kwa sababu tu imesafishwa ikang'aa. Itengwe, ikapimwe na fundi wa silaha.

Twawasihi wakuu wa vikosi: kipande cha namna hiyo kilichopinda kibadilishwe. Na dereva anayetoa taarifa kwamba usukani wa gari lake ulinyooshwa motoni asiitwe mwoga, kwani amri ya kuondoka haiongezi nguvu ya chuma.