UZI: Mgombea akisema "nitalinda mazingira", muulize maswali haya matatu

1/ Wadau, uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027 lakini kampeni za mashinani zishaanza. Kila mgombea ana picha akishika mche, na kila mdahalo wa wadi una mtu wa kusema "mazingira ni uhai". Sawa, hakuna anayepinga. Shida ni kwamba sentensi hiyo haikuambii atafanya nini. Mimi nasomea sayansi ya siasa, na kama kawaida ya nyuzi zangu, hapa hakuna jina la mtu wala chama. Tuchambue ahadi tu.

2/ Swali la kwanza: kiti unachotafuta kina uwezo huo?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liligawa kazi. Serikali ya kitaifa ilipewa ulinzi wa mazingira na maliasili kwa jumla. Kaunti zikapewa kuzoa taka na kusimamia majaa, kudhibiti moshi na kelele, mitaro ya maji ya mvua mijini, huduma za maji na maji taka, na kutekeleza sera za kitaifa za kuhifadhi udongo, maji na misitu.

Kwa hivyo mtaro ulioziba mbele ya duka lako ni kazi ya kaunti. Leseni ya NEMA ya kiwanda kando ya mto si ya kaunti. Mgombea wa wadi akikuahidi kwamba "atafunga kile kiwanda", muulize atakifunga kwa sheria gani.

3/ Sasa tushuke kwa MCA, kwa sababu hapo ndipo tunachanganyikiwa sana.

Kazi zake ni tatu: kuwakilisha wadi, kutunga sheria za kaunti, na kuwachunguza gavana na maafisa wake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamkataza MCA kuingilia kazi za utendaji. Yaani akikuambia "nitaleta lori la taka kila Jumanne", anaahidi kazi ya ofisi nyingine.

4/ Lakini msiseme basi MCA hana maana. Ana silaha kubwa kuliko lori: bajeti ya kaunti haipiti bila bunge la kaunti.

Mfano ni Makueni. Mwaka 2015 bunge la kaunti hiyo lilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, kwa sababu mito ya msimu ilikuwa inakombwa mchanga mpaka mwamba. Kule Ukambani mchanga ndio unaoweka maji. Mvua ikikatika, watu huchimba ndani ya mto uliokauka na kuteka. Ukiuondoa mchanga umeondoa tangi la kijiji. Wawakilishi wa wadi wanaweza kupitisha sheria kama hiyo, na huo ndio uwezo wa kumwomba mgombea wako.

5/ Swali la pili: pesa ziko kwa mstari gani?

Kila kaunti ina mpango wa maendeleo wa miaka mitano, unaoitwa CIDP. Kutoka huo hutolewa mpango wa kila mwaka, ambao hupelekwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti hufika kabla ya tarehe 30 Aprili. Kitu kisipokuwa kwenye karatasi hizo, kiko kwa mdomo tu.

Hapa tena Makueni ina funzo: mwaka huo huo wa 2015 iliweka kanuni za mfuko wa mabadiliko ya tabianchi, zikitenga angalau asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Asilimia 1 inaonekana kidogo, lakini ni namba. Mwakani unaweza kuuliza zilikoenda. "Nitaweka mazingira mbele" huwezi kuifanyia ukaguzi.

6/ Swali la tatu ndilo wagombea hawalipendi: nani atapoteza?

Sera yoyote ya mazingira inamwambia mtu fulani aache kitu anachokipata leo. Ukifunga uchimbaji wa mchanga, kuna vijana wa kupakia malori watalala njaa wiki hiyo. Ukizuia makaa, kuna mama anayelipa karo kwa magunia mawili. Mgombea anayesema kila mtu atafaidi hajaifikiria sera yake, au ameshaifikiria na hataki usikie.

7/ Chukua Dandora. Lile jaa lilianza miaka ya 1970, na likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Taka bado zinamwagwa. Mimi nimekulia Eastlands, moshi wake naujua bila kufungua dirisha.

"Tutalihamisha" ni ahadi tamu. Lakini kuna watu wengi wanaokula kwa kuokota plastiki, chuma na mifupa pale. Na mahali litakapohamia kuna wenyeji pia, ambao hawakuulizwa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe, zinazooza kando na zisizooza kando, na kaunti ziwe na vituo vya kuchambua. Basi uliza: waokotaji wataajiriwa kwa vituo hivyo, ama watafukuzwa na geti lifungwe? Jibu ndilo linatofautisha wagombea wawili wanaosema "Dandora safi".

8/ Kingo za mito ni hivyo hivyo. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, nyumba nyingi zilibomolewa kando ya mito ya Nairobi. Maji ni hatari kweli, hilo halina mjadala. Lakini "tutarudisha kingo za mito" ina maswali yake. Ni mita ngapi? Kanuni za maji za 2007 ziliweka kati ya mita 6 na 30, kulingana na upana wa mto. Zinapimwa kutoka wapi? Notisi ya siku ngapi? Wapangaji watahamia wapi? Na ghorofa la tajiri lililo ndani ya mita hizo hizo litabomolewa, ama ni mabati ya Mathare peke yake?

Mgombea akijibu hilo la mwisho bila kuzungukazunguka, msikilize.

9/ Halafu kuna miti, ahadi rahisi kuliko zote. Nchi ina lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032, kwa hivyo kila mtu anataka kuhesabiwa.

Kupanda huchukua asubuhi moja na kamera. Kumwagilia, kuzuia mbuzi na kupalilia huchukua miaka. Usiulize "utapanda mingapi?" Uliza "nani atalipwa kuitunza, na tutahesabu lini iliyobaki hai?" Uliza pia ni mti gani. Mikaratusi kando ya chemchemi hunywa maji ya kijiji, na bado kwenye ripoti itahesabiwa kama uhifadhi.

10/ "Na wakikataa kutusikiliza baada ya kura?" Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umeumia.

Hii imewahi kutumika. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 korti ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaiondoa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Wameshinda, ndiyo, lakini tazama miaka iliyopita na watoto waliokua na hiyo risasi mwilini. Korti ni ya mwisho. Bunge la kaunti lingekuwa la kwanza.

11/ Kwa hivyo linganisha.

Ahadi A: "Nitahakikisha wadi yetu ni safi na ya kijani."

Ahadi B: "Mwaka wa kwanza nitawasilisha mswada wa kutenganisha taka, nitasukuma kituo kimoja cha kuchambua kiingie kwenye bajeti, na waokotaji waliosajiliwa wapewe kazi kwanza. Wenye malori ya binafsi watanikasirikia kwa sababu watalipa ada."

B inaweza kushindwa. Lakini ikishindwa utajua imeshindwa, na utajua wa kumuuliza. A haishindwi kamwe, ndiyo maana wanaipenda.

12/ La mwisho: vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti viko wazi kwa kila mtu, na kura yako ya 2027 haihitajiki uingie. Uliza kwa ofisi ya wadi vinafanyika lini, beba maswali haya matatu, na uende na jirani mmoja.

Wadi yenu mmeahidiwa nini kuhusu mazingira? Andikeni hapa chini, bila majina, tuipitishe kwa maswali matatu.