Mwenzako Anapofoka Hosteli, Mpunguzie Watu

Usiku wa matokeo, mlango unabamizwa hosteli. Kijana aliyegundua kwamba amedisko, yaani ameondolewa chuoni kwa kufeli, anapiga kelele, anatupa vitabu koridoni na kumtishia atakayemsogelea. Dakika haijapita, korido imefurika, na wengi wameinua simu wanarekodi.

Umati huo unaongeza hatari. Mtu aliyepandwa na hofu au hasira, mwili wake umejaa adrenalini: moyo unakwenda mbio, misuli imekaza, na sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kupima matokeo ya tendo kabla ya kulitenda, inazidiwa nguvu. Ndiyo maana kumfokea "Tulia wewe!" kunamchochea zaidi. Tawanyikeni. Abaki mmoja anayemfahamu, asimame mbali kidogo naye, upande, mikono ikionekana, bila kumzibia njia ya kutoka. Maneno yawe machache na sauti ya chini: "Nipo hapa, ndugu yangu. Nakusikiliza." Kisha anyamaze, asikilize kweli. Kama anayefoka ameshika kisu, mtu asithubutu kumnyang'anya. Ondokeni, waiteni walinzi, pigeni 112.

Lakini wengi wanaoelemewa hawafoki kamwe. Huacha kuingia darasani, hugawa vitu vyao, huaga kana kwamba wana safari. Mwenzako akiwa hivyo, kaa naye umuulize bila kuzunguka: "Unafikiria kujiua?" Najua swali hili linatisha kulitamka. Wengi hudhani litampandikizia wazo, ila Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba halifanyi hivyo. Humpa mtu nafasi ya kutua mzigo aliokuwa akiubeba peke yake. Akijibu ndiyo, usimwache hata kidogo, wala usiahidi kumtunzia siri hiyo. Ondoa chumbani vidonge, sumu na chochote anachoweza kujidhuru nacho, kisha mfuatane hadi kwa mshauri wa wanafunzi au hospitali, hata kama ni usiku wa manane.

Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa polisi, kwa sababu Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kwa jirani zetu Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha 226, kilichosema hivyo hivyo, kinakiuka Katiba. Bunge letu nalo lifute chetu, ili kijana aliyeokolewa apelekwe wodini bila kuhofia selo.